Aina za mawingu na namna ya kuyatambua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hawakutaja ni mawingu yapi, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa mengi tunayoyaona angani hayadondoshi hata tone.

Majina yanayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa yalianza mwaka 1802, pale Luke Howard, mfamasia wa London, alipoyapanga mawingu kwa maumbo yake akitumia maneno ya Kilatini: sirasi, yaani shungi la nywele, kumulasi, lundo, stratasi, tabaka, na nimbasi, mvua. Kwa kuyaunganisha maneno hayo, na kutanguliza alto kwa mawingu ya kimo cha kati, leo kuna aina kuu 10.

Sirasi halina shida: ni jeupe na jembamba mithili ya pamba iliyochambuliwa, nalo ni chembe za barafu tupu, kwani katika tropiki hukaa kuanzia kilomita 6 kwenda juu. Stratasi hutanda chini kama shuka la kijivu, na likigusa ardhi huitwa ukungu.

Wanaoanza hutatizwa na mawingu ya vibonge vibonge, ambayo hupatikana katika vimo vyote vitatu na kufanana mno. Kipimo chake ni mkono wako mwenyewe: unyooshe kuelekea mawingu yaliyo juu, si yale ya kwenye upeo wa macho. Kibonge kikifichwa na kidole cha mwisho, hilo ni sirokumulasi. Kikihitaji vidole hadi vitatu, ni altokumulasi. Kikizidi hapo, ni stratokumulasi.

Kumulasi la kawaida, lenye kitako bapa na kichwa kama koliflawa, ni wingu la siku njema. Likizidi kurefuka kwenda juu, hata kupita kilomita 12, huwa kumulonimbasi, wingu la radi na mvua ya mawe, ambalo kilele chake husambaa kama fuawe ya mhunzi. Katika Ziwa Victoria wingu hili ni hatari zaidi usiku, kwa sababu maji hubaki na joto kuliko nchi kavu, upepo huvuma kutoka kando zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupandishwa, na mvuvi asiye na mbalamwezi hulitambua kwa mmweko wa radi tu.