Uchoraji wa bahari, na mashua ambayo hakuna aliyeiona

Uchoraji wa bahari ni tawi la sanaa linaloshughulika na bahari na vyombo vyake: meli, mashua, dhoruba, vita vya majini. Si kila picha yenye maji imo. Ukichora ufuo na minazi, ngalawa ikiwa kidoa tu kule mbali, hiyo ni picha ya mandhari. Hapa chombo lazima kisomeke. Baharia akikitazama ajue upepo unatoka wapi, tanga lipi limepunguzwa, na kwa nini.

Kazi hii ilistawi Uholanzi karne ya 17. Willem van de Velde alikuwa akitoka na mashua ndogo hadi karibu na mapigano ili achore alichokiona kwa macho yake. Yeye na mwanawe, mwenye jina hilohilo, walihamia Uingereza, na Mfalme Charles II akawapa pauni 100 kwa mwaka kila mmoja: baba achore vita, mwana atie rangi. Baadaye manahodha nao wakaanza kuagiza picha za meli zao. Wateja wagumu hao! Wanajua kila kamba inapofungwa.

Mashua ya msafiri wa peke yake huuvuruga utaratibu huu wa kuchora kilichoonwa. Chukua Suhaili, ya futi 32, milingoti miwili, iliyoundwa Bombay kwa mbao za msaji. Jina lake walilitumia mabaharia Waarabu kwa upepo mmoja wa Ghuba, nalo linatokana na nyota ya Suhail. Waswahili wa zamani pia waliita kusini suheli. Baharia Mwingereza Robin Knox-Johnston aling'oa nanga nayo Falmouth, Uingereza, 14 Juni 1968, akarudi 22 Aprili 1969. Siku 312 kuizunguka dunia peke yake, bila kutia bandarini kupumzika, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Cape Horn, rasi iliyo kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, aliipita Januari 1969. Redio ilikuwa imekufa zamani, na tangu alipoonana na watu New Zealand Novemba hadi Aprili dunia haikujua yuko hai au la. Kwa hiyo picha yoyote ya Suhaili ikipita Cape Horn, ikitazamwa kutoka nje, imebuniwa. Kamera aliyokuwa nayo yeye ilionyesha sitaha na mawimbi. Haikuweza kukaa juu ya wimbi la jirani na kuitazama mashua. Hapo ndipo mchoraji anapokaa.

Kubuni huko kuna masharti, na mimi naona ndiko kunakoipa kazi hii utamu. Mchoraji husoma ramani za chombo na kumbukumbu za safari. Kifaa cha kujiongoza kwa upepo kiliharibika alipokaribia Australia. Ukikichora kikiongoza mashua Cape Horn, umekosea. Kabla ya hapo, kusini mwa Afrika, wimbi liliilaza mashua ubavu na kibanda kikalegea kwenye maungio. Mbao nazo zilivuja, akapiga mbizi mwenyewe baharini kukalafati.

Halafu mtu mwenyewe. Futi 32 kando ya wimbi la Bahari ya Kusini humwachia mchoraji nafasi ya pigo moja tu la brashi, pale tezini, karibu na usukani.