Je, wajua jinsi damu inavyoweza kutaja figo inayokataliwa na mwili?

Mtu wa Kisumu aliyepandikizwa figo Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, huishi kwa tarehe za kliniki. Anatolewa damu, kreatinini inapimwa, anangoja namba. Ikipanda, roho mkononi.

Lakini kreatinini ni taka tu ambayo figo huichuja. Hupanda figo ikishalemewa, na figo hailemewi kwa siku moja. Ni kama vibarua kumi wanaopalilia mahindi: wawili wakiugua, wanane hujikaza, mwenye shamba asione kitu mpaka magugu yashike. Tena namba hiyo hupanda hata kwa kukosa maji mwilini, au kwa kuzidi kwa takrolimasi, dawa ile ile ya kuzuia figo isikataliwe.

Uhakika hutoka kwenye biopsi: sindano hupenya mpaka ndani ya figo na kunyofoa kinyama chembamba cha kutazamwa kwa hadubini. Kwa hatari ya kuvuja damu, nani atachomwa hivyo kila mwezi?

Sasa, seli hufa kila siku na kumwaga vipande vya DNA kwenye damu, na seli za figo mpya zina DNA ya aliyeitoa. Mwaka 1998, Dennis Lo na wenzake wa Hong Kong walipima damu ya wanawake waliopewa figo au ini kutoka kwa wanaume. Humo wakakuta DNA ya kromosomu Y, ambayo mwanamke hana! Leo jinsia haijalishi; mashine hutambua tofauti ndogo ndogo kati ya DNA mbili. (Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, wa Boston mwaka 1954, ulikuwa kati ya pacha wa kufanana, wenye DNA moja; hapo kipimo hiki kisingeona lolote.) Figo ikitulia, vipande vya mgeni kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1 ya DNA inayoelea. Ikishambuliwa, huongezeka, na kwa kuwa huondoka damuni baada ya saa chache, husimulia ya leo, si ya mwezi jana.

Mkojo nao una habari: protini iitwayo CXCL10, inayoita seli za kinga penye uvimbe. Ila virusi vya BK, vinavyoweza kushambulia figo iliyopandikizwa, navyo huipandisha.

DNA pia husema figo imejeruhiwa, haisemi na nani. Kwa hiyo sioni biopsi ikistaafu karibuni. Ninachokipenda katika vipimo hivi ni kumsaidia daktari kuamua nani achomwe sindano wiki hii, na nani apande matatu arudi zake Kisumu.