Mirathi: Kinachohesabiwa Mtu Akishafariki

Mirathi ni mali, haki na madeni anayoyaacha marehemu. Kinachoangaliwa ni alichokuwa nacho siku ya kufa, si alichowahi kuwa nacho. Vya zamani huhesabiwa na majirani.

Chukua kisa cha Elizabeth Tabor, maarufu kwa jina la Baby Doe, wa Colorado, Marekani. Mwaka 1883 aliolewa na Horace Tabor, tajiri wa migodi ya fedha ya Leadville, na Rais Chester Arthur alihudhuria harusi. Mwaka 1893 bei ya madini hayo iliporomoka na utajiri wote ukaenda nao. Horace alifariki 1899. Mjane akaishia kwenye kibanda cha mbao kando ya mgodi wa Matchless, na Machi 1935 akakutwa humo amekufa, mwili umeganda kwa baridi.

Watu wakakivamia kibanda, wakakipekua kila pembe wakitafuta hazina. Walikuwa wanajisumbua bure. Mgodi wenyewe ulishamtoka zamani kwa deni la rehani. Wamiliki wapya walimwachia tu akae. Kwa hiyo mgodi haukuwamo kwenye mirathi, hata kama mji mzima uliuita wake.

Vilivyokuwa vyake hasa vilikuwa kwingine: masanduku 17 ya chuma kwenye ghala mjini Denver, na mengine pamoja na magunia katika hospitali moja ya Leadville. Yalipofunguliwa, mlikuwa na majora ya vitambaa vya bei ghali ambavyo havijaguswa na mkasi, vyombo vya chai, vito, na pambo la dhahabu la mnyororo wa saa ambalo Horace alitunukiwa jumba lake la opera lilipofunguliwa Denver, 1881.

Kwa kawaida, pasipo wosia, mahakama huteua msimamizi wa mirathi. Huyu huorodhesha mali na kulipa madeni kwanza; warithi hupata kinachobaki. Visivyogawanyika huweza kuuzwa mnadani.

Ugumu uko kwenye kuthamini. Baby Doe aliacha rundo la vipande vya karatasi na kalenda alizojaza maelezo ya ndoto zake. Mthamini yeyote angeandika sifuri, na kwa bei ya soko la siku ile asingekosea. Leo karatasi hizo zimo kwenye hifadhi ya historia ya jimbo, Denver, ambako pia kuna gauni lake la harusi, na watafiti huomba kuzisoma.