Baraza ya Hoteli ya Norfolk

Kwa watu wa Lamu na Mombasa, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa mlangoni, pa kuamkiana na wapita njia, kupokea habari na kunywa kahawa. Kazi yangu ni kutafiti majengo ya kale ya Nairobi, na kila nikiombwa kuieleza Hoteli ya Norfolk huanza na baraza yake, kabla ya vyumba, bustani na majina makubwa ya waliolala humo. Baraza hiyo haikujengwa ili mpita njia aamkiwe. Ilijengwa ili atazamwe.

Hoteli ilifunguliwa siku ya Krismasi, mwaka 1904. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika hapa miaka mitano tu nyuma, mwaka 1899, mahali penye kinamasi na mto ambao Wamaasai waliupa jina la maji baridi. Kambi ya reli ikageuka mji wa mabati, matope na mahema. Makao makuu ya utawala bado yalikuwa Mombasa. Yalihamia Nairobi mwaka 1905. Kwa hiyo Norfolk ni kongwe kuliko mji mkuu wenyewe. Meja Ringer na mwenzake Winearls walijenga nyumba ndefu ya mawe, yenye paa la vigae, mahali ambapo serikali ilikuwa haijahamia.

Walijuaje kwamba wageni watakuja? Jibu liko kwenye reli na ardhi. Reli ilikuwa imegharimu fedha nyingi na haikuwa na mizigo ya kutosha kubeba. Kamishna Charles Eliot akaona dawa ni kuwaita walowezi wa Kizungu waje walime nyanda za juu. Wakaja, wengine kutoka Uingereza, wengine kutoka Afrika Kusini, lakini upimaji wa mashamba ulikwenda polepole. Maskini wao walipiga mahema pembezoni mwa mji. Matajiri walikaa Norfolk. Ndiyo maana mimi huiita chumba cha kungojea ardhi: walioketi kwenye ile baraza walikuwa wakisubiri kugawiwa mashamba ambayo watu wengine walikuwa wakiyaishi, wakiyalima na kuyalishia mifugo. Kwa kuwa wengi wao walikuwa wa koo za kikabaila, akiwamo Lord Delamere, hoteli ikapachikwa jina la lile baraza la juu la Bunge la Uingereza, la Malodi.

Walifuata wawindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda na kukusanya vielelezo kwa ajili ya Taasisi ya Smithsonian. Msafara wake ulirudi na vielelezo vya wanyama zaidi ya 11,000. Magazeti ya ng'ambo yalimwandika Roosevelt, na Norfolk ikapata sifa ya kuwa mlango wa kuanzia safari. Hapa naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo. Kwetu, anayepanda basi kwenda Tanga kumwona shangazi yuko safarini. Wageni walilichukua neno, wakalibana, likabaki na maana ya bunduki, mahema na simba. Na waliozibeba hizo safari, wapagazi Wanyamwezi, Waswahili na wengineo, walitembea kwa miguu na mizigo vichwani. Majina yao ni nadra sana kuyakuta, wakati wageni wanatajwa hadi kwa vyeo vyao.

Sasa nifike kwenye siku ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha historia ya jengo hili: tarehe 16 Machi 1922.

Harry Thuku alikuwa karani wa simu katika idara ya hazina ya serikali. Mwaka 1921 alianza kuwaunganisha wafanyakazi dhidi ya kipande, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kukibeba, kodi ya kibanda, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi mashambani. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu kabisa na Norfolk. Wafanyakazi wakagoma. Maelfu wakakusanyika nje ya kituo wakitaka aachiwe. Wawakilishi wao walipotoka kuzungumza na wakubwa na kuuambia umati utawanyike, mwanamke mmoja katika umati, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama, akaipandisha nguo yake, akawaambia wanaume wampe suruali zao, wao wavae gauni lake. Kwa Wakikuyu, mama kujivua mbele ya wanaume ni laana na aibu isiyo na kifani. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Simulizi za walionusurika zinasema pia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walijiunga kupiga risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Waafrika waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi mara kadhaa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, mji ambao leo uko Somalia, bila kufikishwa mahakamani, na ikapita karibu miaka tisa kabla hajarudi nyumbani. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli inaitwa Harry Thuku. Kila mgeni anayetaka kufika Norfolk humtajia dereva jina lake.

Mwaka 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block, mhamiaji Myahudi aliyezaliwa Lithuania, na familia yake ikajenga kampuni kubwa ya hoteli nchini. Baada ya Uhuru, milango iliyokuwa imefungwa kwa ubaguzi wa rangi ikafunguka. Kisha usiku wa kuukaribisha mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililotegwa chumbani lililipuka juu ya ukumbi wa chakula uliojaa watu. Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Wengi walilihusisha shambulio hilo na ndege za Israeli zilizojaziwa mafuta Nairobi mwaka 1976, wakati wa uvamizi wa uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka. Hoteli ilijengwa upya.

Ninapowatembeza wanafunzi wa usanifu, wao hutaka tuingie moja kwa moja wapige picha za ule uso wa mbele. Huwa siwaruhusu. Tunaanzia kituo cha polisi, tunakuja kwa miguu, tunasimama barabarani upande wa Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, na kila mmoja anakadiria umbali hadi barazani. Ni karibu mno. Wengi hunyamaza hapo, na mimi nawaacha wanyamaze kabla hatujavuka barabara.