Gharama za uendeshaji katika ombi la ruzuku: ni zipi na huhesabiwaje

Asbl (shirika lisilo la faida) ya Katuba, hapa Lubumbashi, inapoomba fedha za kufundisha vijana ushonaji, cherehani, vitambaa na mshahara wa mwalimu ni gharama za moja kwa moja: mradi usipokuwepo, nazo hazipo. Kodi ya ofisi, mhasibu anayeshika vitabu vya miradi yote, umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa), mafuta ya jenereta umeme ukikatika na ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka hubaki palepale, mradi uwepo usiwepo. Hizo ndizo gharama za uendeshaji. Kwenye fomu za Kifaransa zimeandikwa frais administratifs au coûts indirects.

Kwa kawaida mfadhili hazilipi risiti kwa risiti. Anatoa asilimia fulani juu ya gharama za moja kwa moja. Umoja wa Ulaya, katika ruzuku zake za nje ya Ulaya, kwa kawaida hauvuki 7%. Serikali ya Marekani iliruhusu 10% kwa shirika lisilo na kiwango chake kilichokubaliwa, kisha ikapandisha hadi 15% tangu Oktoba 2024. Fondation za watu binafsi zina kanuni zao kila moja, na zipo zisizotoa hata senti kwa fungu hili. Mwongozo wa mfadhili usomwe kabla ya kufungua Excel.

Hesabu ndipo wengi wanapoanguka. Tuseme kikomo cha ruzuku ni dola 20.000 na kiwango ni 10%. Wengi wanaandika 18.000 za mradi na 2.000 za uendeshaji, wakiona 2.000 ni 10% ya jumla. Lakini 2.000 juu ya 18.000 ni 11,1%, na bajeti imevunja kanuni. Njia sahihi ni kugawanya kikomo kwa 1,10: mradi unapata 18.181, uendeshaji 1.818, na dola moja inayosalia iachwe. Kwa 7%, gawanya kwa 1,07.

Kosa la pili ni kulipisha kitu kimoja mara mbili. Ukiweka kodi ya ofisi kwenye mstari wake, halafu ukachukua asilimia ya uendeshaji ambayo ndani yake kodi hiyo imo tayari, mkaguzi ataikataa na fedha zitarudishwa. Na kuna kinachosahaulika: mchango wa mwajiri kwa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), 13% ya mshahara wa mwalimu mwenye mkataba, ni gharama ya moja kwa moja. Usipoupangia mstari, mchango huo utakuja kula fungu lote la uendeshaji. Makato ya benki nayo yapewe mstari wake, kwa sababu benki inayopitisha pesa njiani inaweza kukata chake kabla pesa hazijafika.

Mfadhili akikataa asilimia, bado kuna njia halali: kugawa gharama za pamoja kwa kipimo kinachoonekana. Ofisi ya dola 400 kwa mwezi ina meza tano, mradi unatumia mbili. Sehemu yake ni 160 kwa mwezi, 1.920 kwa mwaka. Mhasibu anayeupa mradi siku mbili kati ya tano analipwa 40% ya mshahara wake, lakini lazima ajaze karatasi ya saa kila siku, si zote kwa mkupuo siku ya mwisho wa mwezi (wakaguzi wanaitambua kalamu moja).

Wapo wanaoandika sifuri ili ombi lionekane la bei nafuu. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Msomaji mzoefu wa maombi atauliza nani atashika vitabu, na asipouliza ni vibaya zaidi: mwezi wa nne wa mradi kodi ya ofisi italipwa kwa pesa za vitambaa, na ripoti ya fedha itaiandika kama matumizi yasiyokubalika.

Kipimo cha kugawa gharama kiandikwe kwenye procès-verbal (kumbukumbu za kikao) ya kamati ya uongozi, yenye tarehe na saini, kabla ya matumizi ya kwanza. Kikiandikwa baada ya mkaguzi kuuliza, hatakikubali.