Mtoto Hakuja, Ada Je? Malipo ya walezi wa watoto wakati wa sikukuu na likizo

Kila Januari meza yangu ya ustawi wa jamii hupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mzazi ambaye mtoto wake alikaa nyumbani Desemba nzima na sasa anadaiwa ada ya Desemba. Wa pili ni mlezi aliyempokea mtoto siku ya kufungua, akaambiwa, "Ya mwezi uliopita tuyaache, dada, si unaona mwenyewe hakuja hata siku moja?" Wote wawili wanataka niwaambie sheria inasemaje. Na wote wawili hununa kidogo ninapowajibu kwamba kwenye jambo hili sheria haijataja shilingi.

Ninayemzungumzia ni mlezi aliyejiajiri, yule mama wa Nkuhungu, Chang'ombe au Ipagala hapa Dodoma anayepokea watoto wa wenzake asubuhi na kuwakabidhi jioni, kazi ikiwa ni yake na hatari ikiwa ni yake. Habari za usajili wa walezi sitazigusa hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake zinaangalia usalama na ustawi wa mtoto: analala wapi, anakula nini, nani yuko naye. Hazipangi ada, wala hazisemi kama Ijumaa Kuu inalipiwa. Kwa hiyo anayesema "serikali imekataza kulipia siku za sikukuu" anatueleza ya kwake. Na anayesema "ada ya mwezi ni ya mwezi, sheria ndivyo ilivyo" naye vilevile.

Kinachowafunga ni makubaliano yao. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, watu wazima wenye akili timamu wakikubaliana kwa hiari juu ya jambo halali lenye malipo, huo ni mkataba, hata kama ulifungwa mlangoni mtoto akiwa mgongoni. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Ubovu wake ni kwamba kila upande hukumbuka nusu inayomfaa.

Mwaka fulani waliletwa mbele yangu mama wawili wanaogombania siku tisa. Mzazi alikuwa na kikokotoo cha simu: siku tisa mara elfu tatu, ishirini na saba elfu, nirudishiwe. Mlezi hakusema kitu. Alitoa kaunta buku kwenye mfuko wa rambo, jalada limeungua pembeni kwa sababu huwa linakaa karibu na jiko, akalifungua ukurasa wa mwezi ule. Kushoto majina ya watoto sita, mbele yake alama za vema na herufi H kwa siku ambayo mtoto hakuja. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na manunuzi ya tarehe mbili: unga wa lishe, sukari, mkaa gunia moja, sabuni ya unga. Vyote vya mwezi mzima, vya watoto sita. Na pembeni ya jina la mtoto wa yule mzazi kulikuwa na maneno haya: "Mama F aliuliza nafasi, nimemwambia imejaa." Yule mzazi aliyasoma mara mbili, kisha akakizima kikokotoo.

Ukurasa ule ulieleza kuliko ninavyoweza mimi. Mzazi akilipa ada ya mwezi, analipia nafasi. Uji ni sehemu ndogo ya malipo hayo. Mlezi mmoja hawezi kubeba watoto ishirini, na nafasi ya mtoto asiyekuja haigawiwi mwingine kwa siku tisa kisha ikarudishwa. Nakiri kwamba hoja ya "mtoto wangu hajala, nalipia nini?" imenichosha. Hakuna anayemwendea mwenye nyumba na kumwambia alikuwa safarini Dar wiki mbili, hivyo kodi ipungue.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na hapa walezi nao wasikilize. Nafasi unayomuuzia mzazi sharti iwepo. Mlango ukifungwa na wewe mwenyewe, nafasi haikuwepo, na huwezi kudai malipo yake isipokuwa mlikubaliana mapema kwamba siku hizo zinalipwa. Dodoma hili hujitokeza zaidi mvua za kwanza zinapoanza. Mvua ikinyesha Mvumi Jumamosi, Jumatatu mlezi yuko shambani anapanda mtama na karanga, na mzazi anayetakiwa kuwa Mtumba, kwenye ofisi za serikali, saa moja na nusu anagonga geti lisilo na mtu. Agosti nako, kuna walezi wanaofunga kwa sababu wanauza chakula Nzuguni wiki nzima ya maonyesho ya Nane Nane. Silaumu, mtu hutafuta riziki panapopatikana. Ila ukimkosesha mzazi huduma bila taarifa, kisha mwisho wa mwezi ukataka ada kamili, jua unadai usichokitoa.

Sikukuu za umma ndizo rahisi kuliko zote, na ndizo zinazoleta kelele nyingi. Orodha yake ina siku 17 kwa mwaka, ukihesabu Idd el Fitr ya siku mbili, Idd el Adha na Maulid. Nyingine huangukia mwisho wa wiki na hazimgusi mtu. Mfano ni Aprili 2026: Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Siku ya Karume tarehe 7. Mlezi asiyefanya kazi Jumamosi na Jumapili anafunga siku tano mfululizo. Muungano, tarehe 26, ni Jumapili, kwa hiyo haihesabiki. Mwezi huo una siku za Jumatatu hadi Ijumaa 22. Ukitoa sikukuu tatu zinabaki 19. Ikiwa ada ni shilingi 66,000, ukiigawa kwa zile siku 22 siku moja ni shilingi 3,000, na ugomvi mzima ni wa shilingi 9,000. Ushauri wangu ni kwamba sikukuu za umma ziwe ndani ya ada ya mwezi na pasiwe na makato. Kalenda mnaijua tangu Januari, isipokuwa zile za mwezi mwandamo, na hizo pia mnajua zinakaribia. Mzazi anayetaka mtoto apokelewe siku ya sikukuu, mathalani muuguzi wa zamu au mama lishe wa stendi ya Nanenane, hilo ni jambo la ziada na lina bei yake ya kupatana.

Namba hizi nimeziweka ili tuhesabu pamoja. Si bei elekezi. Asije mtu kesho akasema ofisi imetangaza ada ni elfu sitini na sita.

Likizo ndefu ya mzazi ndiyo ngumu. Mwalimu hukaa na mtoto wake shule zinapofungwa. Wapo ambao kazi zao hufuata ratiba ya Bunge: kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa Bunge la Bajeti, mtoto huletwa alfajiri na kufuatwa usiku, halafu Julai haonekani. Mzazi wa namna hii akilipa ada kamili kwa mwezi ambao mtoto hakukanyaga, anaumia. Asipolipa kabisa, mlezi anaumia zaidi, maana Agosti atamkuta mzazi mlangoni akidai "nafasi yetu". Wengi niliowasuluhisha waliishia kwenye kishika nafasi, yaani nusu ya ada kwa mwezi mzima asiokuja, kwa sharti kwamba taarifa itolewe mapema, tuseme wiki mbili. Mimi nauona ni utaratibu wa haki. Huu ni msimamo wangu, si agizo. Mzazi asiyetaka kulipa kishika nafasi ana hiari yake, ila na mlezi naye ana hiari ya kuchukua mtoto mwingine. Asilalamike.

Na likizo ya mlezi mwenyewe? Hapa nakutana na dhana mbaya kuliko zote: kwamba mlezi ana siku 28 za likizo yenye malipo kwa sababu "kila mfanyakazi anazo". Siku 28 ni za mwajiriwa, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipa likizo. Dada wa kazi anayekuja kwako kila siku, kwa saa ulizopanga wewe, akitumia vyombo vyako na akikutegemea wewe peke yako, huyo ni mwajiriwa na siku hizo ni zake, hata kama mlishazoea kumwita "mtoto wa nyumbani". Mlezi mwenye watoto wa familia tano nyumbani kwake si mwajiriwa wa yeyote kati yao. Ndiyo maana anayepeleka mgogoro wa ada Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ni ya migogoro ya kazi, hurudishwa, halafu anakuja kwetu akiwa amekasirishwa na nauli.

Jambo ambalo walezi husahau: ukiwa na msaidizi unayemlipa mwisho wa mwezi, yule anayeosha vikombe na kubembeleza wanaolia, wewe ndiye mwajiri. Likizo yake ni deni lako. Akifanya kazi siku ya sikukuu, malipo ya saa hizo ni mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Kama mnafunga wiki mbili Desemba, unaweza kumpangia zihesabiwe katika likizo yake ya mwaka, lakini mlipe, na umwambie kabla, si baada.

Mlezi anayetaka kupumzika mwezi mmoja bila kulala njaa ana njia, nayo iko kwenye hesabu. Tuseme anahitaji shilingi 792,000 kwa mwaka kutoka kwa kila mtoto. Anaweza kutoza 72,000 kwa miezi 11 na mwezi wa mapumziko asidai kitu. Au atoze 66,000 kwa miezi 12, ukiwemo ule aliofunga. Kwa mzazi ni fedha ileile kabisa. Nimeona wazazi wakikataa njia ya pili kwa hasira na kuipokea ya kwanza kwa furaha, sijui kwa nini, lakini mlezi ajue wateja wake ni wa namna gani achague. Kujiwekea akiba NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pia kunawezekana kwa aliyejiajiri, ila huko ni kwa uzee na majanga. Likizo ya Desemba haimo.

Sasa faini, kwa kuwa kila kundi ninalokutana nalo huuliza. Walezi wengi wameanza kutoza faini ya kuchelewa kumfuata mtoto au kuchelewesha ada. Sheria ya Mikataba haikatazi kutaja kiasi, lakini kikifika mbele ya hakimu, anayedai hupewa fidia ya kiasi cha haki kisichozidi kilichotajwa. Kwa lugha nyingine, ukiandika "akichelewa ada siku moja atalipa elfu hamsini", usitegemee elfu hamsini. Andika kiasi unachoweza kukieleza bila aibu, mathalani nauli ya msaidizi aliyebaki hadi usiku.

Lipo jingine ambalo halina mjadala. Mtoto si rehani. Mlezi anayekataa kumtoa mtoto jioni mpaka ada ya Desemba ilipwe, au anayemwacha na njaa wenzake wakila kwa sababu ya deni la mzazi, ametoka kwenye mkataba na kuingia kwenye Sheria ya Mtoto. Makosa dhidi ya haki za mtoto chini ya sheria hiyo yanaweza kufikia faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ni kwa deni la elfu thelathini, jamani. Mdai mzazi; mtoto mpe uji. Na mzazi anayeona mtoto amezuiwa asikae kubishana getini, aite mwenyekiti wa mtaa au polisi wa dawati la jinsia na watoto wakati huohuo.

Kwa migogoro ya fedha tupu, utaratibu ni huu. Kwanza dai kwa ujumbe wa simu, utaje mwezi, kiasi na sababu, kisha usiufute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kuwa ushahidi, na meseji za malipo ya simu nazo zitunzwe. Ikishindikana, andika barua kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, nakala tatu. Mtaitwa. Njoo na daftari halisi, si picha ya ukurasa mmoja. Mkielewana, makubaliano yaandikwe palepale yakiwa na tarehe za kulipa, jina la kila upande, sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja kila upande asiye mume wala mke. Msipoelewana, dai la mkataba la kiasi hiki linapokelewa Mahakama ya Mwanzo, na asiyejua kuandika madai anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sisi wa ustawi wa jamii hatutoi hukumu ya fedha. Tunasuluhisha, na panapokuwa na jambo la usalama wa mtoto tunachukua hatua.

Kuhusu zile nakala tatu, maana watu huziacha zote ofisini: moja ni ya mwenyekiti, moja ya unayemdai, na ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.