Kutosaini leseni si kukosa mkataba

Kila bajeti ya maktaba inapojadiliwa katika vyuo vyetu vya Mbeya na Iringa, kauli ni ile ile: jarida la kielektroniki lisilo na leseni iliyosainiwa halilipiki, litazaa hoja ya ukaguzi. Basi faili linakaa kwa mwanasheria wa chuo hadi Juni 30, fungu linarudi, na mwanafunzi wa uzamili anabaki kusoma ikisiri tu.

Wakutubi wenzangu, hii si sahihi. Mchapishaji akileta profoma, yaani ankara ya awali, chuo kikatoa LPO, hati yake ya kuagiza manunuzi, naye akaikubali, mkataba umeshafungwa. Kinachokosekana ni ile hati ndefu ya masharti ya matumizi, na kwa kazi hiyo ipo SERU, maelewano ya pamoja yaliyotolewa mwaka 2008 na NISO, shirika la viwango vya habari la Marekani. Mwaka 2012 yaliboreshwa yakapanuliwa zaidi ya majarida, vitabu vya kielektroniki vikaingia. Hayasainiwi. Mnayataja kwenye LPO, mchapishaji anakubali kwa maandishi, na pande zote zinaendelea chini ya sheria ya hakimiliki.

Mambo ya kawaida yamo humo: wafanyakazi na wanafunzi wanasoma popote walipo, na mgeni anasoma akiwa ndani ya maktaba. Mwalimu wa sekondari kutoka Mafinga akija kukaa kwenye kompyuta yenu, asome. Nywila ya kwenda nayo nyumbani msimpe. Kupakua makala kwa wingi kwa kutumia programu kumekatazwa, na maktaba ikigundua inatakiwa ichukue hatua. Hailazimiki kumchungulia kila msomaji.

Ninaposisitiza zaidi ni hapa: SERU haitaji bei. Haitaji jina la jarida wala tarehe. Yote hayo lazima yawe kwenye LPO, na LPO nyingi zinaandikwa "usajili wa jarida, 1" kana kwamba zinanunua katoni ya karatasi. Andika jina kamili na ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, ya toleo la mtandaoni, maana toleo la karatasi lina namba yake. Andika tarehe ya kuanza na ya kuisha: usajili mwingi ni Januari hadi Desemba, na mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Andika miaka ya nyuma mnayofunguliwa. Andika pia kama miaka mliyolipia mtaendelea kuisoma baada ya kuacha kulipa, na kwa njia gani. Sharti hili la mwisho likisahaulika, mtakuja kugombana kwa barua pepe wakati pesa imeshatoka.

Halafu kuna kitufe cha "Nakubali" kwenye tovuti ya mchapishaji. Fundi wa TEHAMA anafungua akaunti ya msimamizi, anabonyeza bila kusoma, na masharti mliyoyakwepa yanaingia kwa mlango wa nyuma. Weka kwenye LPO kwamba masharti ya kubonyeza hayatangui SERU, kisha mwombe mchapishaji athibitishe kabla ya malipo.

Anwani za IP, yaani namba ambazo mchapishaji anautambulia mtandao wa chuo: peleka za nje, zisizobadilika. Zinazoanza na 192.168 au 10 ni za ndani ya mtandao wenu, mchapishaji hazioni. Kampasi ya Sumbawanga nayo itaje zake. Mkibadilisha mtoa intaneti, toeni taarifa siku hiyo hiyo.

Orodha ya SERU ya wachapishaji na maktaba inaonyesha nani yuko tayari kuitumia, lakini haimfungi aliyejiandikisha kuitumia kila mara. Asiyemo pia anaweza kukubali, muulizeni.

Kinachonitia wasiwasi ni mgogoro ukitokea. Mchapishaji yuko Uingereza, chuo kiko Iringa, LPO haisemi sheria ya nchi gani itatumika, na SERU haikupangii mahakama. Kwa hiyo naitumia kwa jarida moja moja la chama cha wanataaluma au mchapishaji mdogo, ambapo gharama ya kujadili leseni inaweza kuzidi bei ya usajili wenyewe. Kifurushi kikubwa, au ununuzi wa pamoja kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, nakipeleka kwa mwanasheria, tena mapema, Machi isipite.